Chumba cha Ndani Chenye Dirisha

Siku ya kwanza melini, kabla ya chakula cha mchana, Meneja aliingia chumbani kwa mama yake, akachomoa kiboksi kutoka mfukoni mwa kaptura yake mpya, akatoa vipande viwili vya plastiki nyeupe. Ilikuwa redio ya mtoto. Kipande kimoja ni cha kusikia, kinakaa karibu na mtoto. Cha pili ni cha kusema, kinakaa na mzazi popote alipo. Karatasi ya maelekezo ilieleza hivyo kwa lugha nne na kwa michoro, ili hata mtu mvivu aelewe. Meneja hakuisoma. Alikuwa meneja wa duka la samani, na kwa maoni yake maelekezo ni mambo ya wateja. Alikibandika kipande cha kusema ukutani juu ya kitanda cha mtoto, akakitia cha kusikia mfukoni mwake, akakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

"Mama, umeona? Mtoto akikohoa tu, mimi huko mezani nimeshasikia."

"Na nikikohoa mimi?" mama yake akauliza.

"Wewe nawe!" Meneja akacheka, akaenda kula.

Chumba chenyewe kilikuwa cha ndani, katikati ya tumbo la meli, hakina dirisha. Wenye meli waliona haya kidogo wakatundika pazia ukutani. Ukilifungua unakutana na ukuta. Humo ndimo alimowekwa Bibi pamoja na mjukuu wake wa miaka miwili, msichana ambaye wazazi wake walimwita Bosi kwa sababu waliona inachekesha. Wao wenyewe, Meneja na mkewe, walikuwa juu kabisa, kwenye chumba chenye roshani inayotazama maji. Eti bahari inawatia wazee kizunguzungu. Bibi alikuwa hajaitazama vya kutosha kuweza kubisha.

Safari hii aliambiwa ni yake. "Mama, umefanya kazi mno, twende ukapumzike," mwanawe alimwambia, na Bibi, aliyeshona sare za shule tangu ujana wake mpaka vidole vikapinda, akaamini. Alijishonea hata gauni jipya la safari, la maua, lenye mifuko. Kwa cherehani hiyohiyo alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kumsomesha huyo huyo Meneja mpaka akajua kufunga tai. Meli ilipong'oa nanga, mapumziko yakageuka kuwa nepi, chupa za maziwa na kumbembeleza Bosi alale, wakati wazazi wake wanaota jua kando ya bwawa la kuogelea. Watu wa namna hii wamejaa duniani. Hawakuibii, wanakualika.

Mchana ule Bosi alikuwa ndiyo kwanza anasinzia, redio ikaanza kuongea. Sauti ya Meneja ilitoka ukutani, safi kabisa, ikimwambia mhudumu wa mezani kwamba nyama yake iive nusu. Zikafuata sauti za uma na visu, kisha sauti ya mkewe, ambaye hata mumewe alimwita Madam. Alikuwa anamweleza mwenzao wa mezani, daktari wa meno aliyestaafu, kwamba siri ya kusafiri na mtoto mdogo ni kujipanga tu.

"Hebu sikiliza," Meneja akamwambia daktari, na bila shaka alikuwa anakipunga hewani kile kipande chake. "Kimya. Unasikia? Kimya kabisa. Mtoto mtulivu, amenifuata mimi."

Kipande cha kusikia hakina uwezo wa kutoa sauti, hata ukikipigia magoti. Daktari wa meno akasema kweli, ni kimya cha ajabu, teknolojia imeendelea. Wakanywa kwa heshima ya teknolojia.

Chumbani, Bosi aliamka akautazama ukuta.

"Baba," akasema.

"Ndiye," Bibi akajibu. "Anakula."

Mtoto alisimama kitandani akingoja baba amsemeshe. Alingoja mpaka wale wa mezani wakaletewa matunda.

"Kaka yangu ameshaanza kule," Madam alisema huku anatafuna. "Amenitumia picha. Ametupa kile kigoda cha jikoni, kile cha mguu uliofungwa waya. Yaani mtu mzima na akili zake anakalia kitu kama kile!"

Kigoda kikawa chumbani. Hakikuanguka wala hakikugonga kitu. Kilikuwa tu pale, kati ya kitanda na mlango wa bafu, na waya wake na doa lake la mafuta. Bibi alikigeuza juu chini, akaona ndicho chenyewe. Bosi akashuka kitandani akakikalia.

Bibi akasogea karibu na ukuta, akasikiliza vizuri. Mezani hawakuficha kitu, kwa nini wafiche? Walikuwa wanajisifu. Nyumba ya Bibi, Meneja alimweleza daktari, ilikuwa kwa jina lake, Meneja. Mama alimwandikisha mwenyewe siku alipopandishwa cheo, kwa furaha. Sasa kiwanja kimepata mtu, anataka mahali pa kulaza malori. Shemeji yake, yaani kaka wa Madam, alikuwa huko na vibarua anatoa vitu, kisha watavunja. Mama akirudi atakuta mambo yamekwisha, atahamia kwao, kwenye chumba cha uani, na Bosi atakuwa na mlezi wa kudumu.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" daktari akauliza.

"Si ndiyo maana tukamleta huku," Meneja akasema. "Angekuwepo angelia lia pale, vibarua wakose raha."

"Mmefikiria," daktari wa meno akasema, akaomba apitishiwe chumvi.

Jioni, Meneja alishuka kumbusu mwanawe kabla ya kwenda kwenye muziki. Mguu wake ukagonga kigoda.

"Nyumba yangu mnaifanyia nini?" Bibi akamuuliza.

"Nani kasema?"

"Wewe. Mchana, ukila nyama."

Meneja alikiangalia kigoda, akakijua, akakisogeza kando kwa mguu. "Mama, hiyo hewa ya bahari tu inakusumbua. Tutaongea tukifika nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Meneja akatazama simu yake. Haikuwa imelia.

"Nipe pasipoti yangu," Bibi akasema. "Meli ikisimama bandari inayofuata mimi nateremka, narudi kwangu. Nyumba yangu nitaikumbatia hivi, tuone atakayeibomoa."

"Pasipoti yako naitunza mimi, usije ukaipoteza. Halafu Bosi utamwachia nani? Mama jamani, usiwe mbinafsi." Akambusu mtoto, akajitazama kwenye kioo cha bafu, akaondoka. Mtu huyo alijua neno ubinafsi na matumizi yake yote, isipokuwa moja.

Alipotoka, Bibi alinyoosha mkono kuizima ile redio. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kisha akafikiri. Akiizima, hawataacha kutupa vitu vyake. Watavitupa tu vile vile, na vitakwenda kwenye lori. Akakigeuza kifundo cha sauti mpaka mwisho.

Tangu hapo Bibi hakukosa mlo hata mmoja wa mwanawe. Alimlaza Bosi mapema, akakaa kwenye kigoda chini ya redio, akingoja wamtaje. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maana wale walipenda sana kuzungumza juu yao wenyewe. Mlo mzima Madam aliweza kuumaliza kwa habari ya kiuno chake. Siku nyingine daktari wa meno alieleza magego ya watu mashuhuri, na Bibi akaambulia kijiko kimoja tu, kwa sababu Meneja alitaja kijiko. Lakini chakula kilipowanogea, na mvinyo, walirudi kwenye nyumba yake kama watu wanaokumbuka kichekesho. Ndipo vitu vilipokuja. Vilikuja vile tu walivyosema vimetupwa.

Kabati lilikuja. Kitanda kilikuja na chandarua chake. Siku waliyocheka kuhusu cherehani, kwamba hata mnunuzi wa vyuma chakavu aliiangalia akatikisa kichwa, cherehani ilitua mbele ya pazia ikiwa na uzi mweupe kwenye tundu la sindano, kama alivyoiacha. Bibi aliifuta vumbi kwa pindo la gauni lake. Alilia kidogo, halafu akaitia mafuta.

Mhudumu wa vyumba alibisha hodi asubuhi iliyofuata na taulo zake alizozikunja mfano wa bata. Alitazama kabati, kitanda na cherehani.

"Mama, kitanda hiki cha pili nacho kitandikwe?"

"Nitatandika mwenyewe."

"Sawa. Ila njia ya kutokea moto ukizuka isizibwe. Hilo ndilo wanalokagua." Akatafuta pa kuweka bata, akamweka juu ya cherehani.

Njia haikuzibwa. Chumba kilikuwa kinatanuka taratibu, kama suruali inayoongezwa pindo. Wageni wa chumba cha jirani walilalamika mapokezi kwamba korido imekuwa ndefu, wakaambiwa watembee, ni afya.

"Na hayo makorokoro mengine yote," Madam alisema mchana mmoja, kwa dharau, huku bila shaka anapunga uma. Basi vikaja vyote pamoja: masufuria, ndoo, magunia ya vipande vya vitambaa, kopo la vifungo, madaftari ya shule ya Meneja, shati lake la kwanza la sare lenye kola iliyogeuzwa mara mbili. Bibi alishinda anapanga mpaka saa ya kumwogesha mtoto. Bosi alimwaga vifungo vyote sakafuni akavitawala.

Mtoto sasa alikuwa na mazoea yake. Kila redio ilipowaka aliuendea ukuta, akauwekea kiganja, akasema, "Baba, mama." Aliwapelekea vifungo. Aliwaonyesha bata wa taulo. Kwa akili yake wazazi wake walikuwa watu wa ukutani, wanaoishi kwa kula na kucheka, wasioulizwa kitu. Walipoteremka jioni wakiwa na miili yao na manukato yao, aliwashangaa, akajificha nyuma ya Bibi. "Anaringa," Madam alisema. "Ana haiba kama ya mama yake." Wakapiga picha na kurudi juu.

Kisha ikafika zamu ya kuvunja. Meneja aliitangaza mezani kama mtu anayetangaza mtoto wa kiume. Jiko linaondoka kesho, alisema, halafu ukuta wa mbele, halafu paa. Jiko likaja na kabati lake la juu na masizi yake. Ukuta wa mbele ukaja na mlango wa mbao. Ukuta wa ubavuni ukaja na dirisha, likakaa palepale kwenye pazia la uongo, na Bibi alipolifungua mwanga wa asubuhi uliingia, na upepo, na harufu ya sabuni ya nguo. Nje kulikuwa na uchochoro wake. Jirani yake alikuwa anaanika mashuka.

"Jirani," yule mwanamke akasema, "nyumba yako imeondoka."

"Imekuja huku."

"Huku wapi?"

"Melini. Kwenye chumba cha ndani."

"Afadhali," jirani akasema, akabana shuka. "Maana hapa yupo kijana amesimama kiwanjani anakuna kichwa. Vibarua wamekuja na nyundo hawana cha kupiga."

"Huwezi kuwafukuza?"

"Wana karatasi, mwenzangu. Na wewe si uliandika jina la mwanao? Tulikwambia." Hakusema kwa ubaya. Alimpa pole, akaingia ndani kugeuza chungu.

Kwa hiyo Bibi alikuwa na nyumba yake yote, kuanzia msingi hadi misumari ya bati, isipokuwa mahali pa kuiweka. Alikaa mlangoni pake akamtazama Bosi akikimbia kutoka jikoni hadi sebuleni, akatamani, kwa nguvu zote za mtu aliyechoka, kwamba waiache hapo. Basi. Hakutaka bahari, hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka meli iendelee tu na yeye awe kwake.

Mezani Meneja alikuwa amepokea habari za kiwanja. Unadhani alistuka? Alijipiga kifua. "Mheshimiwa daktari, mimi nikipanga kitu kimepangika. Nyumba imejiondoa yenyewe, hata kibarua mmoja hakuinua nyundo. Na shemeji amewalipa nusu." Daktari wa meno alisema huo ndio uongozi.

Siku ya kabla ya mwisho wa safari, joto lilizidi huko juu. Jua liliipiga roshani ya Meneja tangu asubuhi, na kiyoyozi chao kikawa kinakohoa tu. Meneja akateremka kumwomba mama yake ampigie pasi shati la tafrija ya kuagana. Akafungua mlango wa chumba, akaona mlango wa mbao, akaufungua nao, akasimama katikati ya sebule.

Upepo ulikuwa unapita kutoka dirishani hadi jikoni. Aliegemea mwimo wa mlango, palepale penye mistari ya kalamu aliyochorewa urefu wake kila alipoongeza darasa.

"Mama," akasema, "chumba chenu ni kikubwa kuliko chetu."

"Ni nyumba yangu."

"Ni chumba cha meli, mama."

"Umezaliwa humu."

"Nimezaliwa hospitali."

"Umekulia humu, basi. Hiyo mistari unayoiegemea ni wewe."

Meneja aligeuka, akaitazama ile mistari kutoka chini hadi juu. Aliyaona masufuria, akaliona shati la sare lililotundikwa, akaiona cherehani. Uso wake ulilegea kidogo, na kwa kitambo kifupi ungeweza kudhani kuna mtu ndani.

"Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana nilipoingia tu nikajisikia vizuri." Akatoa simu, akampigia mkewe. "Madam, shuka huku. Lete na mito."

Madam alikuja na mito, krimu ya jua na miwani. Alizunguka vyumba vyote akifungua milango. Alisema pana upepo kuliko kule, na pametulia, na mapazia ni ya kizamani lakini kizamani ndiyo mtindo siku hizi. Kisha akasema wao wangepumzika hapo mpaka mwisho wa safari, maana kwa kweli wamechoka, watu hawajui jinsi safari na mtoto inavyochosha.

"Na mimi?" Bibi akauliza.

"Nendeni chumbani kwetu," Meneja akasema.

"Wewe, roshani ile na mtoto!" Madam akamkumbusha. "Nafasi kati ya vyuma vya ukingo ni pana, si atapita? Hapana. Mama, kaeni tu hapo koridoni kidogo. Pana zulia zuri."

"Mwanangu," Bibi alisema, na sauti yake haikuwa ya kuomba, ilikuwa ya mtu anayesoma anachokiona, "mara ya kwanza umeiuza bila kuniambia. Hii mara ya pili unanitoa kwa mkono. Nimekukosea nini?"

"Mama, usianze," Meneja akasema. "Kesho hata sisi tunatoka. Meli inasafishwa, abiria wengine wanaingia. Ni siku moja tu. Siku moja huwezi kunivumilia?" Aliibandua redio ukutani, akamwekea mama yake mkononi kile kipande cha kusema. Cha kusikia, kutoka mfukoni mwake, akakiweka juu ya meza ya jikoni. "Shika hiki. Tukihitaji kitu utatusikia."

Akawasindikiza mpaka mlangoni, mkono begani mwa mama yake, kwa adabu zote. Akafunga.

Korido ilikuwa ndefu, na taa zake hazizimwi. Bibi alikaa chini kwenye zulia na gauni lake la maua, mgongo ukutani, Bosi mapajani. Mhudumu wa vyumba alipita na kitoroli chake, akawasalimia, akazungusha magurudumu ili asiwakanyage miguu. Redio mkononi mwa Bibi ilikuwa inafanya kazi vizuri. Makabati yalifunguliwa na kufungwa. Kitanda chake kililalamika kama kilivyozoea kikikaliwa upande wa kushoto. Mtu alisema dirisha linapiga kelele, mwingine akasema lifunge, na likafungwa. Birika likabandikwa motoni.

"Mama!" Meneja akaita kutoka ndani ya redio. "Sukari umeweka wapi?"

"Kabati la juu," Bibi akaiambia redio. "Nyuma ya kopo la chumvi."

"Mama! Sukari!"

Bosi alikiweka kile kipande sikioni. "Baba," akasema kwa furaha, akakiegemea, akafumba macho alale.

Bibi alimlaza kwenye zulia taratibu, akainuka kwa kujishikiza ukutani. Alikunjua gauni lake, akausogelea mlango wake mwenyewe, akaugonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Bibi akafikiri.

"Wa sukari," akasema, na wakamfungulia.